Kisanduku si dawa ya Kichina

Bwana Mhariri,

Msomaji wenu wa mtaa wa Katuba, hapa Lubumbashi, ameandika katika safu hii kwamba dawa za Wachina ni uongo mtupu na vibanda vyote vinavyoziuza vifungwe. Kabla yake mwingine alizisifu mpaka akataka zipelekwe katika kila kituo cha afya cha mkoa wetu wa Haut-Katanga. Nimewasoma wote wawili kwa makini, na naona wanagombania kitu kimoja: kisanduku. Kile kisanduku chekundu chenye herufi za Kichina na picha ya mzizi, kinachouzwa soko la mtaa wetu wa Kenya, kwenye vituo vya mabasi na ndani ya mabasi yenyewe, na kijana mwenye kipaza sauti anayetaja sukari, tansio (presha ya damu), mgongo, uvimbe wa kizazi na nguvu za kiume kwa pumzi moja. Mmoja anakipenda, mwenzake anakichukia. Mimi nasema kwamba kwa kanuni za Wachina wenyewe, kile si dawa ya Kichina.

Mimi ni muuguzi. Nilianza kazi katika hospitali ya kampuni ya madini, zamani zile ambapo mfanyakazi na watoto wake walitibiwa bila kutoa mfukoni, na nikamalizia katika zahanati ya Kichina hapa mjini, nikimsaidia daktari mmoja, mama mtu mzima kutoka mkoa wa Hebei. Aliletwa kwa ajili ya watu wao wa migodini, baadaye mlango ukafunguliwa kwa kila mtu. Kazi yangu ilikuwa kupima tansio na joto, kulaza wagonjwa, kuchoma majani makavu ya pakanga karibu na ngozi ili kuipasha joto, kuchomoa sindano nyembamba alizochoma daktari na kuzihesabu ili isisahaulike hata moja mwilini mwa mtu. Nimekaa naye miaka mingi. Ninayoyaandika hapa nimeyaona, au nimeyasoma kwa sababu niliyaona.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba hakuwa na dawa ya ugonjwa. Nieleze. Mwezi wa sita, Lubumbashi inapopata ile baridi ya asubuhi inayowafanya akina mama wa soko wajifunge vitenge viwili, walikuja wanaume wawili siku moja, wote wana homa, mafua, kichwa kinauma, wanatetemeka. Kwanza nilichoma vidole vyao kupima malaria, maana hapa kwetu huwezi kuanzia mahali pengine, na hakuna aliyekuwa nayo. Mimi ningewapa vidonge vilevile, nikawaaga. Daktari akauliza swali moja ambalo mimi sikuwahi kulipa uzito: unatoka jasho? Wa kwanza akasema hapana, mwili umekauka na mifupa inauma. Wa pili akasema ndiyo, jasho jepesi linatoka hata akikaa, na hataki upepo umguse. Basi wa kwanza akachemshiwa vijiti vya mmea wa mahuang, vijiti vya mdalasini, kokwa za aprikoti na mzizi mtamu wa likorisi. Wa pili hakupewa mahuang hata kidogo. Alipewa mdalasini, mzizi wa ua la peoni, tangawizi, kunazi za Kichina na likorisi, akaambiwa akishakunywa anywe na uji mwepesi wa moto, ajifunike, atoke jasho kiasi, lisitiririke.

Nilimwuliza kwa nini. Akaniambia kwamba mahuang hutoa jasho kwa nguvu, na mtu ambaye tayari anavuja jasho ukimpa hiyo utammaliza. Kanuni hii ina umri wa karibu miaka 1,800. Iliandikwa na mganga Zhang Zhongjing, mwishoni mwa enzi ya wafalme wa Han wa China, na sababu ya kuiandika ni msiba. Anaeleza katika utangulizi wake kwamba ukoo wake ulikuwa na watu zaidi ya 200, na ndani ya muda usiofika miaka 10 theluthi mbili walikufa, wengi wao kwa homa. Akaketi kukusanya kila alichokijua kuhusu homa, hatua kwa hatua, dalili kwa dalili. Mtu wa namna hiyo namheshimu, hata kama darubini ya kuonea vijidudu ilikuwa haijazaliwa.

Sasa sikilizeni upande wangu wa uuguzi. Mahuang ndani yake mna efedrini, kitu kinachokimbiza moyo na kupandisha tansio. Ndiyo maana mama daktari hakuandika dawa hiyo kabla mimi sijampa namba za tansio. Kisanduku hakina mtu wa kukuuliza kama unatoka jasho, wala wa kukufunga mkono kupima tansio. Kinauzwa kwa aliyekauka na kwa anayevuja, kwa mzee wa tansio na kwa kijana.

Wachina wana msemo katika tiba yao: ugonjwa mmoja, matibabu mbalimbali, magonjwa mbalimbali, matibabu mamoja. Ndio nguzo ya nyumba yote. Watu watatu wenye maumivu ya mgongo wanaweza kutoka na karatasi tatu zisizofanana, na mwanamke mwenye kichwa na mwanamume mwenye tumbo wakatoka na karatasi moja. Kinachotibiwa ni hali ya mwili mzima kwa saa ile: una moto au baridi, umejaa au umepungukiwa, ugonjwa uko nje kwenye ngozi au umeshaingia ndani. Wao huziweka hali hizo chini ya mambo mawili, yin na yang, kivuli na jua, na kila moja humzaa na kumzuia mwenzake. Viungo wamevigawa kwa mambo matano: ini ni mti, moyo ni moto, wengu ni udongo, pafu ni chuma, figo ni maji. Hapo sitakaa sana, kwa sababu figo wanayoisema wao si ile tuliyoichora shuleni tu. Kwao figo inashika pia mifupa, uzazi, masikio na uzee wa mtu. Ukiambiwa na daktari wa Kichina kwamba figo yako ni dhaifu, usikimbilie kununua dawa ya figo. Nenda maabara ukapime kwanza.

Namna yao ya kumchunguza mtu ndiyo inayostahili kuandikwa kwa kirefu. Ni njia nne: kutazama, kusikiliza pamoja na kunusa, kuuliza, na kugusa. Mzee mmoja aliyefanya kazi ya tanuri maisha yake yote alikuja ameinama. Mama daktari akamwonyesha kwa ishara atoe ulimi. Mzee akanigeukia: “Mama, ni mugongo ndiyo inaniuma, lulimi haina kitu.” Nikamwambia, “Baba, fungua tu.” Alifungua. Ulimi ulikuwa mnene, umefifia, una alama za meno pembeni na utando mweupe juu. Kwa daktari hiyo ilikuwa ishara ya baridi na unyevu. Kwangu ulikuwa ulimi wa mtu ambaye huenda damu yake imepungua, nikamchukua damu kweli. Ulimi ule ulitusaidia sote wawili.

Halafu maswali. Kuna mganga wa enzi ya Ming, Zhang Jiebin, aliyeyapanga maswali kumi, na wanafunzi mpaka leo huyakariri: baridi na joto, jasho, kichwa na mwili, choo kikubwa na kidogo, chakula, kifua, masikio, kiu, na kuendelea. Yule mzee wa tanuri aliulizwa kama akiwa na kiu anataka maji ya moto au ya baridi. Aliulizwa anaamka usiku mara ngapi kukojoa, na mgongo unauma zaidi mvua inapokaribia au jua likiwaka. Mke wake, aliyekuwa ameketi pembeni, ndiye aliyejibu mengi, kwa sababu wanaume wetu hawajui miili yao. Nimefanya kazi katika hospitali ambako daktari mmoja alikuwa na mstari wa watu mpaka barabarani, hana nafasi hata ya kumtazama mgonjwa usoni. Simlaumu. Ila niseme wazi kwamba katika zile nusu saa za maswali nimeona watu wakilia kwa sababu ni mara ya kwanza kuulizwa wanalalaje.

Mwisho, mkono. Vidole vitatu juu ya kifundo, mahali patatu kila mkono, kwa kugusa kidogo na kwa kukandamiza. Kushoto wanasoma moyo, ini na figo. Kulia pafu, wengu, na figo kwa upande wa moto wake. Vitabu vyao vinataja aina 28 za mapigo. Daktari wangu alijaribu kunifundisha, na nilifika pale ambapo naweza kutofautisha mpigo uliojikaza kama kamba na ule wa utelezi wa mama mjamzito. Lakini niwe mkweli kwa wasomaji: vidole vya madaktari wawili juu ya mkono mmoja havikubaliani kila mara, na mimi nisingekubali mtu anitibu kwa mkono peke yake.

Kuhusu sindano, msomaji wa Katuba ameziita uchawi. Wachina wanasema katika mwili kuna njia kuu 12 za qi, nguvu inayozunguka pamoja na damu, na juu ya njia hizo kuna vituo. Shirika la Afya Duniani limeorodhesha 361. Sisi watu wa mji wa shaba tungependa kujua walivyokuwa wakifundisha. Mwaka 1027 mganga wa ikulu, Wang Weiyi, alisimamia utengenezaji wa sanamu mbili za shaba iliyochanganywa na bati, zenye urefu wa mtu mzima na matundu kwenye kila kituo. Siku ya mtihani sanamu ilipakwa nta juu na kujazwa kimiminika ndani. Mwanafunzi akichoma mahali pake, kinatoka. Akikosea, sindano haiingii. Watu wanaofanyisha mtihani mkali namna hiyo wana elimu yao, si wachawi.

Je, qi ipo? Hakuna aliyeipima, na njia zile 12 hakuna mpasuaji aliyezikuta. Majaribio makubwa ya Ulaya na Marekani yameonyesha kwamba sindano hupunguza maumivu sugu ya mgongo, goti na kichwa, lakini tofauti kati ya sindano za mahali pake na zile za kudanganyia ni ndogo. Nakubali majaribio hayo, na nakubali pia macho yangu: yule mzee wa tanuri aliondoka amesimama wima kuliko alivyoingia, na dawa za maumivu alizokuwa akimeza kila siku, ambazo zilikuwa zinamtoboa tumbo, alizipunguza. Kwa mgongo, kwa goti, kwa kichefuchefu, mimi nampeleka ndugu yangu kwa sindano. Kwa malaria, kwa kifua kikuu, kwa mtoto anayeharisha, kwa uvimbe unaokua, simpeleki. Mama daktari mwenyewe alikuwa hivyo. Akiona homa ya mtoto ananiita mimi, na akisikia kikohozi cha mchimbaji kimepita wiki mbili anatuma makohozi maabara.

Na hapo kwenye malaria namjibu msomaji wa Katuba moja kwa moja, maana akimpa mwanawe vidonge vya malaria vya artesunate na amodiaquine atakuwa anampa, katika hiyo artesunate, kitu kilichotoka katika vitabu hivyohivyo anavyotaka kuvichoma. Mwaka 1967 serikali ya China ilianza kazi ya siri kutafuta dawa mpya ya malaria, kwa sababu askari wa Vietnam ya Kaskazini walikuwa wanakufa na klorokwini ilikuwa inashindwa. Mwanamke mmoja, Tu Youyou, ambaye hakuwa na shahada ya udaktari, alipewa uongozi wa kundi la kupekua dawa za kale. Walikusanya mapishi kama 2,000. Mmea wa qinghao, wa jamii moja na pakanga, ulifanya kazi siku moja na kukataa siku nyingine. Akarudi kusoma Ge Hong, mganga wa karne ya 4, aliyeandika kwamba chukua konzi moja ya qinghao, iloweke majini, ikamue, unywe maji yake. Hakutaja kuchemsha. Tu Youyou akafikiri kwamba labda moto ndio unaoharibu dawa, akaitoa kwa etha, kimiminika kisichohitaji joto kubwa. Mwezi wa kumi 1971 sampuli namba 191 iliua vijidudu vyote katika panya. Yeye na wenzake waliimeza wenyewe kwanza kabla ya kumpa mgonjwa. Kutoka katika dawa hiyo ndiyo ikapatikana artesunate, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel.

Tazameni alichokifanya. Alimwamini Ge Hong kiasi cha kumsoma neno kwa neno, na hakumwamini kiasi cha kuacha kupima. (Ndiyo maana pia nawaomba wale wanaopanda artemisia, yaani qinghao hiyohiyo, uani na kunywa chai yake wakidhani wamekunywa vidonge vya malaria vya Coartem waache: majani hayana kipimo, na kipimo kidogo kinamfundisha mdudu kuizoea dawa.)

Narudi kwa kisanduku, na hapa nina hasira. Jirani yangu, mama mwenye sukari, aliona tangazo gazetini, ukurasa wa ndani, picha ya mzee wa Kichina mwenye ndevu. Vidonge vitano kwa siku, sukari inakwisha kabisa. Aliweka kando dawa za hospitali. Aliponiita, kidole cha mguu kilikuwa kimeshakuwa cheusi, kikakatwa. Nilisoma kisanduku chake pande zote sita: hakuna jina la mmea hata moja, hakuna kipimo, hakuna anwani ya aliyekitengeneza. Hakuna mtu aliyetazama ulimi wa mama yule. Hakuna aliyemshika mkono.

Wala msidhani kwamba kwa sababu ni mizizi basi haidhuru. Huko Ubelgiji, nchi ambayo wazee wetu wanaijua, mwanzoni mwa miaka ya 1990 kliniki moja ya Brussels iliwapa wanawake vidonge vya kupunguza mwili vyenye mizizi ya Kichina. Mzizi mmoja ulibadilishwa na mwingine, aristolokia, wenye jina la kukaribiana nao. Wanawake zaidi ya 100 waliharibika figo, na wengi baadaye wakapata saratani ya njia ya mkojo. Na Singapore, mwaka 2008, watu 150 wasio na sukari waliingizwa hospitali wamezimia au wamechanganyikiwa, kwa sababu dawa za nguvu za kiume walizonunua kwa siri, baadhi zikiitwa za miti shamba, zilichanganywa na kidonge cha kushusha sukari. Wanne walikufa. Nchi nyingi zimekuta ndani ya visanduku vya “mgongo na viungo” dawa za steroidi ambazo hazikuandikwa popote. Mtu anameza, maumivu yanakwisha kwa siku mbili, anamshukuru Mungu na Mchina, na mifupa yake inaliwa polepole.

Kwa hiyo naomba mambo yafuatayo, na naanza na nyinyi, Bwana Mhariri. Msichape tangazo lolote linalotaja ugonjwa na kuahidi kuuponya kama halitaji kilichomo na mtaalamu anayewajibika. Najua matangazo ndiyo yanayolipa karatasi. Wakaguzi wa afya wa mkoa nao wadai kila kisanduku kiandikwe kwa Kifaransa au Kiswahili: mimea gani, gramu ngapi, nani ametengeneza, nani asipewe. Kilichokosa maandishi hayo kisivuke mpaka wa Kasumbalesa. Zahanati za sindano zisifungwe, zikaguliwe. Sindano ya chuma ya matumizi ya mara moja, pakiti ifunguliwe mbele ya mgonjwa, na atakayechoma kifuani awe amefundishwa, kwa sababu hapo sindano ikizama inatoboa pafu. Mgonjwa ana haki ya kusema: mama, nifungulie pakiti nione. Mimi niliwafungulia wote, hata waliokuwa wamefumba macho kwa woga. Tena magamba ya kakakuona msiyauze kwa mtu anayedai ni ya dawa: China yenyewe imeyaondoa katika orodha ya malighafi za dawa mwaka 2020, na biashara yake kati ya nchi na nchi imepigwa marufuku.

Kwa mwenye kisanduku nyumbani sasa hivi, hasa kile cha mgongo na viungo ulichokitumia kwa miezi: usikitupe, na usiache ghafla peke yako. Kama ndani mna steroidi iliyofichwa, huenda mwili wako umeshaacha kujitengenezea ya kwake, na kukata mara moja kunaweza kukuangusha. Kichukue pamoja na vidonge vilivyobaki, nenda kituo cha afya, kiweke mezani mbele ya muuguzi, mwambie umekimeza tangu lini na vingapi kwa siku. Usione haya. Akikugombeza, mwambie akupime kwanza tansio na sukari, agombeze baadaye.

M. K.
Muuguzi mstaafu, Kampemba, Lubumbashi